Kwao ni Wapi? Watoto Machotara wa Kongo, Rwanda na Burundi Chini ya Ubelgiji

Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowachukua wasichana watano kutoka kwa mama zao katika Kongo ya Kibelgiji na kuwafungia katika misheni, kwa sababu tu kwamba mama zao walikuwa Waafrika na baba zao Wazungu. Wasichana hao walichukuliwa kabla hawajafikisha umri wa miaka saba. Waliposhinda kesi walikuwa bibi wenye wajukuu, wenye miaka sabini na kitu. Mahakama iliamuru kila mmoja wao alipwe yuro 50,000.

Wengi walioisoma habari hiyo waliielewa kama habari ya wizi wa watoto, na wizi ulikuwepo kweli. Hata hivyo, ndani yake limo jambo jingine ambalo haliishii kwenye wizi, nalo linamgusa kila mtu aliyewahi kuzaliwa kwenye mpaka wa jamii mbili zisizopatana. Mtu akifika ugenini katika nchi zetu, kabla hata kikombe cha chai hakijamfikia, huulizwa: kwenu ni wapi? Anayeulizwa huwa na jibu, la upande wa baba, la upande wa mama, au la mji aliokulia, na mara nyingi huwa nayo yote matatu kwa pamoja. Watoto ninaowazungumzia hapa walinyang'anywa majibu yote matatu, moja baada ya jingine, na walionyang'anya walikuwa maofisa wenye vyeo, mihuri na maagizo ya maandishi. Kwa hiyo, tunapomsikia mtu wa asili mbili akisema kwamba hajui ni wa wapi, tusikimbilie kudhani kwamba nafsi yake ina kasoro. Katika habari hii tunaweza kuiona hali hiyo ikitengenezwa, hatua kwa hatua, na kujua ni nani aliyeitengeneza.

Kwanza nieleze neno lenyewe. Kiswahili kina majina mengi ya kumtaja mtu wa namna hii, na nadhani wingi huo ni dalili kwamba hatujatulia juu yake. Chotara ndilo linaloeleweka kotekote, na Kinyarwanda nacho kimelipokea kwa sura ya icyotara. Suriama ni neno la pwani, la mtoto wa Mwarabu na mama Mwafrika. Mitaani Tanzania utasikia hafukasti, Nairobi utasikia pointi faivu, na mashariki ya Kongo metisi au mulatre. Wapo wanaolichukia neno chotara kwa sababu tunalitumia pia kwa kuku na kwa mbegu za mahindi, na siwalaumu. Nalitumia hapa kwa kuwa ndilo waliloitwa watu hawa na majirani zao, na kwa kuwa neno la kistaarabu zaidi lingeweza kuificha historia ninayotaka kuieleza.

Kanuni za ukoo

Mtu hazaliwi akiwa na kwao kwa nguvu ya damu peke yake. Kila jamii ina kanuni inayosema mtoto ni wa nani, na kanuni hizo hazifanani.

Katika Rwanda na Burundi mtoto ni wa baba. Ukoo, urithi wa shamba na wa ng'ombe, mahali pa kujenga, vyote humfikia kupitia kwa baba. Mwanamke aliyezaa na Mzungu asiyetaka kumtambua mwanawe alirudi nyumbani kwa wazazi wake akiwa na mtoto ambaye, kwa kanuni kali, hakuwa na mlango wa kuingilia katika ukoo wowote. Ninasema kwa kanuni kali kwa sababu maisha ya nyumbani hayafuati kanuni neno kwa neno: mabibi walilea, wajomba walilea, na mtoto aliyekulia katika boma alikuwa mtoto wa boma. Kwa Wabakongo wa magharibi ya Kongo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wao huhesabu nasaba kwa mama. Mtoto ni wa kanda, yaani ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Mtoto wa mwanamke wa Kikongo na Mbelgiji, Mreno au Mgiriki hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa hata mtoto wa baba Mkongo hakuutegemea ukoo wa baba ili awe mtu kamili.

Tofauti hiyo ni muhimu sana, kwa sababu dola ya kikoloni ilidai kwamba watoto machotara walikuwa wametelekezwa na kwamba wenyeji hawakuwa na nafasi kwa ajili yao. Kama dai hilo lingekuwa la kweli, tungetarajia watoto wa Wabakongo waachwe mikononi mwa wajomba zao na huruma ya serikali ielekezwe kule ambako kanuni ya ukoo iliwaweka watoto pembeni. Haikuwa hivyo. Sera ilikuwa moja kwa nchi nzima, na ilimtazama mtoto kwa rangi ya ngozi yake, bila kuuliza ni nani aliyekuwa akimlisha.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na kanuni yake pia, nayo imo katika methali isemayo kwamba kitanda hakizai haramu. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa bwana na suria wake alikuwa muungwana, mwenye haki sawa na ndugu zake wa ndoa. Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alipofariki mwaka 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria, na wanne kati yao, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walikalia kiti cha Zanzibar mmoja baada ya mwingine. Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na asili ya Kiafrika isiyofichika usoni, na hakuna aliyemnyima Uarabu wake. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimpa mtu huyohuyo uliwali wa Stanley Falls, ndani ya Dola Huru ya Kongo, yaani Kongo ilipokuwa mali ya mfalme huyo binafsi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1890, Dola hiyohiyo ilitoa amri ya kuwaweka chini ya ulezi wa serikali watoto waliohesabiwa kuwa wametelekezwa, na amri hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ngazi ya kuwachukulia machotara.

Sisemi kwamba pwani ilikuwa pepo. Suria alikuwa mtumwa, na mtoto alipata kwao kwa baba kwa gharama ya kufutwa kwao kwa mama. Ni wajukuu wangapi wa masuria wanaoweza kukitaja leo kijiji alikotekwa nyanya yao? Na kanuni iliyowahifadhi iligeuka kuwa hatari baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, pale ambapo watu wenye nyanya Waafrika waliuawa au kufukuzwa Unguja kwa kuwa nasaba ya baba iliwaandika Waarabu. Ninachotaka kukionyesha ni kidogo tu: mchanganyiko wa damu ulikuwepo kote, lakini mtoto wa Unguja alipewa mahali pa kusimama ambapo mtoto wa Kongo alinyimwa. Tofauti haikuwa katika miili yao.

Hofu ya koloni

Kwa nini basi Ubelgiji ihangaike na watoto wadogo wa vijijini? Jibu limo katika namna koloni lenyewe lilivyosimama. Hata mwishoni mwa miaka ya 1950, Kongo ilipokuwa na Waafrika zaidi ya milioni 13, Wazungu walikuwa takriban 110,000. Idadi ndogo namna hiyo haiwezi kutawala kwa bunduki peke yake. Inahitaji imani, kwa mtawala na kwa mtawaliwa, kwamba Mzungu ni kiumbe wa aina nyingine. Mji ulijengwa juu ya imani hiyo: mtaa wa Wazungu huku, mtaa wa wenyeji kule, na katikati eneo la wazi ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kulivuka usiku bila kibali.

Wakati huohuo, wanaume waliopelekwa huko, maofisa wa wilaya, wanajeshi, wafanyakazi wa kampuni na wafanyabiashara, kwa miongo mingi walikwenda bila wake. Waliishi na wanawake wenyeji, na lugha ya koloni ilimpa mwanamke huyo jina la Kifaransa ménagère, yaani mtunza nyumba, jina lililomwezesha bwana kuishi naye miaka mitatu bila kukiri kwamba alikuwa na mke. Ndoa rasmi zilikuwa adimu mno. Muda wa kazi ulipokwisha, bwana alipanda meli kurudi kwao, na mtoto akabaki.

Mtoto huyo alikuwa ushahidi unaotembea. Uso wake uliwaambia wote kwamba mpaka uliotangazwa mchana ulivukwa usiku, na kwamba waliouvuka walikuwa walinzi wake wenyewe. Hofu haikuishia kwenye aibu. Wasomi wa rangi wa zama hizo waliamini kwamba damu ya baba ilimpa chotara akili ya kumzidi Mwafrika, huku kunyimwa haki za Mzungu kukimjaza uchungu, na kwamba mtu mwenye akili na uchungu angekuja kuwa kiongozi wa maasi. Walitoa mfano wa Kanada, ambako Louis Riel aliwaongoza Metisi, yaani machotara wa huko, dhidi ya serikali katika miaka ya 1869 na 1885. Mwaka 1935 uliitishwa mjini Brussels mkutano mzima wa kimataifa kuzungumzia matatizo yanayotokana na kuchanganyika kwa rangi. Inafaa msomaji atulie kidogo juu ya jambo hili: watu wazima, wenye shahada, walikaa kitako kujadili tatizo ambalo lilikuwa mtoto wa miaka minne anayecheza na binamu zake mbele ya nyumba ya bibi yake.

Uamuzi uliofikiwa haukuwa wa kumwinua mtoto awe Mbelgiji, wala wa kumwacha awe Mkongo. Chotara aliyetambuliwa rasmi na baba Mbelgiji alifuata hadhi ya baba yake, lakini kutambuliwa kulikuwa hiari ya baba, na wengi hawakuitumia hiari hiyo. Asiyetambuliwa alikuwa mwenyeji kisheria, ila mwenyeji asiyeruhusiwa kuishi na wenyeji wenzake. Katikati ya hadhi hizo mbili ndipo misheni zilipowekwa.

Jinsi mtoto alivyochukuliwa

Utaratibu ulianza kwa ofisa wa wilaya, aliyekuwa na jukumu la kujua ni watoto gani machotara waliomo katika eneo lake. Serikali ilijitangaza kuwa mlezi, na mlezi wa kisheria hahitaji idhini ya mama. Wale wanawake watano walieleza mahakamani jinsi jamaa zao walivyotishwa kuadhibiwa iwapo wangekataa kuwatoa. Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kulikuwa na mpango wa kuwasaka na kuwateka kwa utaratibu watoto wa mama mweusi na baba mweupe. Neno kutelekezwa, lililokuwa msingi wa amri zote, lilimaanisha kwamba baba Mzungu hayupo. Mama aliyekuwepo, aliyenyonyesha na kubeba mgongoni, hakuhesabiwa kuwa mzazi.

Watoto wa mashariki, kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, walipelekwa kwa wingi katika kilima cha Save, misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1900, karibu na mji ulioitwa Astrida enzi za Wabelgiji. Huko walilelewa na Masista Weupe, shirika la watawa wa Kikatoliki. Wale watano wa kesi ya Brussels waliwekwa Katende, katika jimbo la Kasai. Katika nyumba hizo watoto walifundishwa sala, usafi, kazi za mikono na Kifaransa, na walifundishwa pia, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba wao ni matunda ya kosa. Watoto wa dhambi, ndivyo walivyoitwa. Fikiria mtoto anayefundishwa kwamba Mungu amemuumba kwa upendo na kwamba kuzaliwa kwake ni dhambi, na walimu wa masomo hayo mawili ni walewale.

Kisha yakafuata majina, na kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Jina la baba liliepukwa ili familia yake ya Ubelgiji isifedheheke. Wengine walipewa majina yaliyobuniwa, na ndugu wa tumbo moja wangeweza kuandikwa majina tofauti ya ukoo. Tarehe za kuzaliwa zilikadiriwa au zilibadilishwa. Katika jamii zetu jina ni ramani: linasema ulizaliwa msimu gani, umemfuata nani, ni babu yupi aliyekuachia. Kwa mtu wa Ulaya, jina la ukoo ni ufunguo wa daftari la serikali. Mtoto wa Save aliondolewa jina la upande mmoja bila kupewa la upande wa pili, na alichobaki nacho kilikuwa maandishi ambayo hayakuelekea kwa mtu yeyote.

Kuna mlinganisho ambao hauwezi kuachwa. Utawala huohuo wa Ubelgiji, katika miaka ya 1930, uliwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akarithi neno la baba yake bila nafasi ya mjadala. Mtoto wa baba Mhutu na mama Mtutsi alikuwa Mhutu kwenye karatasi, hata kama alilelewa na wajomba wa Kitutsi tangu siku ya kwanza. Yaani kanuni ya baba ilishikwa kwa nguvu zote pale ilipowagawa wenyeji, na ikatupwa pale ambapo baba alikuwa Mbelgiji. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hizo ndizo zilizoulizwa, na watu waliozaliwa na pande zote mbili walilazimika kuishi au kufa kwa neno moja ambalo lilikuwa nusu tu ya ukweli wao. Leo kitambulisho cha Rwanda hakina tena neno hilo.

Uhuru na kuachwa

Uhuru ulipokaribia, watoto wa misheni hizi waligawanyika katika njia mbili, na siwezi kusema ipi ilikuwa na maumivu madogo.

Wa Save walisafirishwa. Kati ya mwaka 1959 na 1962 watoto wapatao 300 walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji, kwa hoja kwamba hawatakuwa salama chini ya serikali mpya. Walipofika walisambazwa katika familia za kulea, katika nyumba za watoto na katika shule za bweni, na ndugu wengi walitenganishwa. Kwa akina mama waliobaki kwenye vilima, kuondoka kule kukawa kwa moja kwa moja. Watoto walikua wakisahau Kinyarwanda, Kirundi au Kiswahili walichokuja nacho, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Na baadhi yao, walipofanikiwa kumwona mama miongo kadhaa baadaye, walikaa naye chumba kimoja wakimhitaji mkalimani.

Wa Katende waliachwa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Kasai ikaingia katika mapigano. Masista na maofisa waliondolewa kwa usalama wao. Wasichana, ambao serikali ilikuwa imejitangaza kuwa mlezi wao kwa miaka yote ile, hawakuwamo katika orodha ya kuondolewa. Walibaki mikononi mwa wanamgambo, ambao waliwatendea unyama. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wao wenyewe wameyasema mahakamani, na inatosha kwamba walilazimika kuyasema.

Lakini hata waliofika Ulaya hawakuwa wamefika kwao. Kwa kuwa baba hakuwatambua, hawakuwa raia wa Ubelgiji. Hadhi ya mtu wa koloni ilikwisha siku koloni lilipokwisha, na nchi mpya za Kongo, Rwanda na Burundi hazikuwa na habari nao. Wapo waliokuja kugundua ukubwani, walipotaka kuoa, kuolewa au kuchukua pasipoti, kwamba katika nchi waliyolelewa tangu utotoni, iliyowachukua kwa nguvu ikidai ni mlezi wao, walihesabiwa kuwa wageni, na wengine kuwa watu wasio na utaifa wowote. Ilibidi waombe uraia kama mtu aliyewasili jana. Waliokosa cheti cha kuzaliwa walikutana na kikwazo hicho kila walipokwenda kwenye dirisha la ofisi.

Mitaani nako mambo hayakuwa mepesi. Kwa Mbelgiji wa kawaida mtoto huyu alikuwa mweusi. Kwa Waafrika waliokuja Ulaya baadaye alikuwa mtoto wa Mzungu, asiyejua lugha, anayeshukiwa kujiona. Tuna methali inayosema mkataa kwao mtumwa, na najua imewahi kutupwa usoni mwa machotara wengi wasioweza kujibu swali la ukoo kwa ufasaha. Nadhani inatumika vibaya. Methali hiyo inamlenga mtu aliyekuwa na kwao akapageuzia mgongo. Haina neno kwa mtu ambaye kwao kulifungwa na ofisa wa wilaya kabla yeye hajajua kusoma. Kule kusitasita, kuchagua maneno kwa uangalifu, na kukagua kila chumba kabla ya kuingia ili kujua leo atahesabiwa upande gani, ambako watu hukuona kama udhaifu wa tabia, ni elimu ambayo mtoto aliipata kwa kuonywa mara elfu kwamba pande zote mbili zina haki ya kumfukuza.

Kutoka samahani hadi hukumu

Ukimya ulidumu zaidi ya nusu karne. Mwaka 2017 Kanisa Katoliki la Ubelgiji liliomba msamaha kwa sehemu yake. Tarehe 29 Machi 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio la kutambua ubaguzi uliofanywa, na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama bungeni na kuomba radhi kwa niaba ya serikali, mbele ya baadhi ya watoto hao, ambao sasa walikuwa wazee. Azimio hilo lilifungua pia njia ya utafiti katika nyaraka za dola, ili wahusika waweze kuona majalada yao.

Mwaka uliofuata, wale wanawake watano walifungua kesi, na hapo ndipo ugumu wa kisheria ulipojitokeza. Makosa mengi ya kawaida hufutika mbele ya sheria baada ya muda fulani kupita, na utekaji wa miaka ya 1940 na 1950 ulikuwa umepitwa na muda huo zamani. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauna ukomo wa muda, lakini mahakama ya kwanza, mwaka 2021, ilisema kwamba katika miaka ile vitendo vya namna hii havikuwa vimetambuliwa kuwa uhalifu wa aina hiyo, na ikawakatalia. Mahakama ya Rufaa iliitazama tarehe kwa jicho jingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, dunia iliwahukumu viongozi wa Ujerumani huko Nuremberg kwa mkataba wa mwaka 1945, na mwaka 1946 Umoja wa Mataifa ukathibitisha kanuni zake. Mateso kwa misingi ya rangi yalikuwemo. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Isingeweza basi kudai kwamba, miaka michache baadaye, haikujua kwamba kumtenga mtoto na mama yake kwa sababu ya rangi ni uhalifu.

Nina heshima kwa samahani ya 2019, kwani haikuwa jambo dogo kwa nchi iliyozoea kujisifu kwa reli na hospitali ilizojenga Kongo. Lakini inapasa ikumbukwe kwamba dola iliyosema samahani bungeni iliwatuma mawakili wake mahakamani kuwapinga wanawake watano walewale, na kwamba ni wakongwe hao, si serikali, waliolazimika kuthibitisha kwamba walichotendewa kilikuwa na jina.

Hukumu ile inawahusu watu watano. Wapo wengine kwa maelfu, Ubelgiji, Kinshasa, Bujumbura na Kigali, na watoto wao na wajukuu wao, ambao hawajafika mahakamani na pengine hawatafika. Kwa wengi wao kazi iliyobaki ni ya kutafuta. Mtu hupewa jalada lake, na ndani yake hukuta jina la mama liliandikwa mara moja tu, na karani ambaye hakuijua lugha na aliandika alichosikia. Hukuta jina la kijiji kilichohamishwa, katika wilaya iliyobadilishwa mipaka. Stanleyville sasa ni Kisangani. Léopoldville ni Kinshasa. Astrida ikawa Butare, na Butare ikawa Huye. Mwenye jalada husafiri hadi huko akiwa na miaka sabini, hupanda kilima kwa miguu akisindikizwa na kijana wa kumtafsiria, na wazee waliokaa kivulini humkaribisha vizuri, humpa kigoda, kisha humuuliza kwao ni wapi. Naye hufungua bahasha na kuanza kusoma kwa sauti jina la mama yake, akilitamka kwanza kama lilivyoandikwa, halafu kwa namna nyingine, halafu nyingine tena, akiwaangalia nyuso kuona kama yupo atakayelitambua.